Luca della Robbia, Mchongaji Aliyefuata Udongo

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wafalme, majemadari, wavumbuzi wa nchi na wa dawa. Leo naomba nafasi niwaeleze, wanafunzi wenzangu na ninyi wazee wetu mliokwisha pita shuleni hapa, habari za fundi mmoja ambaye hakushika upanga wala hakutawala watu. Jina lake ni Luca della Robbia, mwenyeji wa mji wa Florence katika nchi ya Italia, naye alikufa mwaka 1482. Wako wengi walioiona kazi yake bila kujua jina lake, maana sanamu zake za Bikira Maria amempakata mtoto Yesu, nyeupe juu ya rangi ya samawati, zimenakiliwa katika vitabu na kadi mpaka zimeenea nchi nyingi.

Nimemchagua kwa sababu moja. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa kuchonga marumaru, jiwe la fahari, na kazi kubwa za mji zilikuwa zikimjia. Akiwa katika sifa hiyo aliugeukia udongo wa mfinyanzi, kitu ambacho hata mtoto huchimba mtoni bila kulipa senti. Sisi tunayo mithali kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na vijana wengi wakiisikia huamua mapema ya kuwa udongo si kazi ya mtu aliyesoma. Basi na tuone mfinyanzi huyu aliishi namna gani, na alipokufa aliwaachia nini waliobaki.

Luca alizaliwa Florence mwaka 1399 au 1400. Baba yake, Simone, alikuwa katika chama cha wafanya biashara ya sufu, na biashara hiyo ndiyo iliyoutajirisha mji. Hata jina la ukoo wao lanuka kazi hiyo, kwa kuwa neno robbia kwa Kitaliana ni jina la mmea ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Florence siku hizo haukuwa mji wa mfalme. Ulitawaliwa na baraza la watu waliotoka katika vyama vya kazi: wafanya sufu, wenye mabenki, waganga na wauza dawa, wachinjaji, waashi na wengineo. Mtu asiye na chama hakuwa na sauti katika mambo ya mji. Kwa hiyo ufundi ulikuwa ndio mlango wa heshima, na kila chama kilishindana na vingine kupamba makanisa na majumba ya mji.

Mambo mengi ya ujana wake tunayapata kwa Giorgio Vasari, mwandishi na mchoraji aliyetoa kitabu cha maisha ya mafundi mwaka 1550. Vasari alizaliwa baada ya Luca kufa, kwa hiyo yeye naye alisimuliwa na watu, wala si kila neno lake la kuaminiwa. Asema kwamba Luca alifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha akatiwa kwa mfua dhahabu awe mwanagenzi. Lakini moyo wake ulikuwa katika uchongaji. Mchana kutwa alishika tindo na nyundo, usiku akachora. Baridi ya Florence wakati wa kipusa ni kali, na miguu yake ikifa ganzi aliitumbukiza katika kikapu kilichojaa maranda ya mbao, yale yanayotoka seremala anapopiga randa, ili ipate joto aendelee kuchora. Kama hadithi hiyo ni kweli tupu au imetiwa chumvi kidogo, yatosha kutuonyesha mafundi wa baadaye walimwonaje.

Mwaka 1431 alipewa kazi iliyomtoa gizani. Kanisa kuu la Florence lilikuwa likijengwa kwa miaka mingi, na fundi Brunelleschi alikuwa juu akilifunika kwa kuba kubwa ambalo watu wa nchi nyingine walikuja kulistaajabia. Wasimamizi wa jengo walitaka roshani ya marumaru kwa ajili ya waimbaji na kinanda, wakamwagiza Luca. Akaifanya kwa miaka saba, hata 1438. Upana wake wapita mita 5. Juu yake alichonga mabamba kumi yenye watoto na vijana wanaomsifu Mungu kwa nyimbo na ngoma, kama isemavyo Zaburi ya 150. Wamo wapigao tarumbeta, wamo wapigao matari, wamo wachezao wakishikana mikono. Katika bamba moja vijana wamesongamana wakiimba kutoka karatasi moja. Huyu amefumbua kinywa, yule amekunja uso kwa bidii, na yule wa nyuma ananyosha shingo ayaone maneno. Kila aliyepata kusimama katika kwaya ya shule atawatambua mara moja.

Ng'ambo ya pili ya kanisa palikuwa na roshani nyingine, nayo aliagizwa Donatello mwaka 1433. Donatello alikuwa bwana mkubwa kuliko wachongaji wote wa wakati ule. Watoto wake aliwachonga kwa haraka na kwa nguvu, hawakulainishwa sana, nao walionekana vizuri kwa mtu aliye chini na mbali. Wa Luca walilainishwa kila kidole. Watu wakabishana ni ipi iliyo bora, na ubishi huo haujesha. Roshani zote mbili ziliondolewa mwaka 1688 kwa sababu ya arusi ya mtoto wa mtawala, na leo ziko katika nyumba ya makumbusho ya kanisa hilo.

Sifa za Luca zikapanda upesi. Mwaka 1432 alikwisha ingia katika chama cha mafundi wa mawe na mbao. Mtaalamu Leon Battista Alberti alipoandika kitabu chake juu ya kuchora, alimtaja Luca pamoja na Brunelleschi, Donatello, Ghiberti na Masaccio, akiwahesabu kuwa watu waliofikia mafundi wa kale wa Roma na Uyunani. Tangu 1437 hata 1439 Luca alichonga mabamba matano ya marumaru kwa mnara wa kengele wa kanisa kuu, yakionyesha elimu mbalimbali za wanadamu. Bamba moja la mnara huo ni la sarufi: mwalimu ameketi, na wanafunzi wawili wako mbele yake. Nadhani ninyi mlio madarasani hamhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tumefika mahali ambapo mtu mwingine angetulia. Luca alikuwa na umri wa miaka arobaini, ana jina, ana chama, ana kazi. Lakini Vasari asimulia kwamba aliketi akapiga hesabu. Akatazama miaka mingapi ilikwenda katika marumaru, na fedha ngapi zilizobaki mkononi baada ya kulipa gharama zote, akaona ya kuwa taabu ilikuwa nyingi na faida haba. Jiwe lanunuliwa ghali, laletwa kwa magari ya ng'ombe na mashua, na tindo ikikosea pigo moja kazi ya mwaka yaharibika. Udongo u karibu, ni laini, hutii kidole. Ila udongo una aibu yake: ukiuacha nje mvua huula, na rangi uliyoupaka hubambuka. Basi akajiuliza ni ngozi gani awezayo kuuvisha udongo ili udumu kama jiwe.

Jibu lake lilikuwa ngozi nyembamba ya kioo. Vasari na wengine walidhani kwamba Luca ndiye aliyeivumbua kabisa, lakini sivyo. Wafinyanzi wa Iraki walikuwa wakivisha bakuli zao ngozi nyeupe ya namna hiyo tangu karne ya 9, na bakuli zao zilisafirishwa mbali. Hata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua magae ya vyombo vya wakati huo vilivyovishwa kioo cheupe, katika mji wa zamani wa Manda karibu na Lamu. Ufundi huo ukapita nchi za Waarabu hata Hispania, na kutoka Hispania ukafika Italia, ambako wafinyanzi waliutumia kwa sahani na mitungi ya wauza dawa. Alilolifanya Luca ni kuutoa jikoni na kuutia katika uchongaji. Tena aliubora, akapata weupe mzito na mtulivu kuliko ule wa sahani.

Nitajaribu kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Kwanza alifinyanga sanamu kwa udongo wenye chokaa ndani yake. Sanamu ikiwa kubwa aliikata vipande, akapitisha mkato penye kunjo la nguo au mpaka wa shingo ili usionekane. Nyuma ya kila kipande alikomba udongo, kwa sababu mahali penye unene na mahali pembamba havikauki pamoja, na hapo ndipo ufa huingia. Vikaachwa kukauka polepole, kisha vikachomwa mara ya kwanza katika tanuri, moto wa digrii zipatazo 900 au zaidi. Baada ya hapo alichukua risasi na bati, akavichoma hata vikawa unga, akachanganya na mchanga, akasaga, akatia maji, akapaka. Mchanga ndio mwili wa kioo; risasi huusaidia kuyeyuka; bati huufanya uwe mweupe usiopenya macho, ili wekundu wa udongo usionekane. Akitaka samawati alitia kobalti. Vipande vikarudi tanurini mara ya pili, na unga ule ukayeyuka ukashikamana na udongo. Sharti udongo na kioo vinywee kwa kiasi kimoja vinapopoa, la sivyo kioo hupasuka chote kama tope la bwawa lililokauka. Kuupata mchanganyiko uliokubaliana na udongo wake ndiyo siri iliyomweka Luca mbele ya wenzake.

Naandika mambo ya tanuri kwa kirefu kwa kuwa nimekua karibu na moto wa vyungu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Hakuwa na tanuri. Alipanga vyungu vyake juu ya kuni, akavifunika kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, akawasha jioni ambayo haina upepo. Usiku huo hakulala. Tukisikia mlio mdogo ndani ya moto, alijua ni chungu gani kilichopasuka, maana alikumbuka alikiweka wapi. Asubuhi alihesabu vilivyopona, na kwa hivyo vilivyopona mama mdogo alikwenda gulioni, na ada yangu ya shule ikalipwa. Ndiyo sababu nisomapo kwamba Luca alichoma sanamu ya vipande vingi mara mbili, na kila kipande kikaungana na mwenzake bila kupinda, mimi sioni kuwa ni jambo dogo. Kila kipande kilikuwa na nafasi mbili za kupasuka.

Kazi yake ya kwanza ya namna hiyo ambayo hati zake zimebaki ni sanduku la kuwekea Sakramenti, alilolifanya mwaka 1441 na 1442 kwa kanisa la hospitali ya Santa Maria Nuova. Leo liko katika kanisa la Peretola nje kidogo ya mji. Sehemu kubwa yake ni marumaru, lakini hapa na pale ametia vipande vya udongo uliovishwa kioo, kama mtu ajaribuye maji kwa kidole cha mguu kabla ya kuvuka. Kazi ilimridhisha, na wasimamizi wa kanisa kuu wakamwamini. Wakamwagiza sanamu ya Kristo akifufuka iwekwe juu ya mlango wa sakristia moja, kisha sanamu ya Kristo akipaa juu ya mlango wa pili. Zote mbili ni za udongo, watu ni weupe na mbingu ni samawati, na zote mbili zingali mahali pale pale zilipowekwa kabla ya mwaka 1452.

Lakini jina lake halikuenea kwa sababu ya makanisa makubwa peke yake. Lilienea kwa kazi ndogo: bamba ambalo mtu aweza kulibeba mikononi, lenye sanamu ya mama na mtoto iliyotokeza nusu, mgongo wake umeshikamana na bamba. Sanamu za namna hiyo zilitafutwa sana Florence wakati ule. Tauni ilikuwa imeupiga mji mwaka 1348 ikaua watu wengi mno, nayo ilirudi tena na tena katika miaka iliyofuata. Watoto walikuwa wakifa kwa wingi. Katika nyumba nyingi chumba cha kulala kilikuwa na sura ya Bikira Maria na mwanawe, mbele yake taa au mshumaa, na hapo mama wa nyumba alisali kwa ajili ya watoto wake. Mtawa mmoja wa mji huo, Giovanni Dominici, aliwashauri wazazi waweke picha kama hizo nyumbani ili mtoto akue akimtazama mtoto mwenzake mtakatifu. Tajiri aliweza kununua ya marumaru. Mtu wa kawaida alikuwa na picha ya rangi ya bei ndogo, au sanamu ya chokaa iliyochakaa upesi.

Luca aliwapa sanamu ya udongo yenye weupe wa marumaru, isiyochakaa. Nyingine alizifanya moja moja kwa mkono wake. Nyingine zilitolewa katika kalibu, kwa hiyo sura moja yaweza kupatikana mara kadhaa, na hapo bei ilishuka. Tena rangi ya samawati ambayo wachoraji waliitumia kwa nguo za Bikira ilitoka katika jiwe lililoletwa kutoka milima ya Afghanistani, nayo ilikuwa ghali sana. Samawati ya Luca ilitoka tanurini, wala haikupauka kwa jua.

Zitazameni sanamu hizo mkipata kitabu chenye picha zake. Katika moja, mtoto ameshika tofaa. Katika nyingine, nyuma ya mama na mtoto pana ua la waridi. Katika nyingine, mtoto amekamata ukanda wenye maandiko. Hakuna taji la dhahabu wala kiti cha enzi. Mama amemshika mtoto kama ashikwavyo mtoto mzito, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine ubavuni, na mtoto ana mikunjo ya unono mapajani. Sanamu iliyokuwa katika njia iitwayo Via dell'Agnolo iliwekwa juu ya mlango, mahali pa kupita wachukuzi na wauza mboga, na malaika wawili wamesimama kando wameshika vyombo vya maua ya yungiyungi. Sasa imehamishiwa makumbusho ya Bargello. Na nje ya jengo la Orsanmichele, juu ukutani, Luca aliwafanyia waganga na wauza dawa alama ya chama chao, nayo ni Bikira na mtoto kati ya maua. Mvua na jua vya zaidi ya miaka 500 vimeipiga, na weupe wake haujatoka.

Hata wakubwa walimtaka. Piero de' Medici, mwana wa mtu mwenye nguvu kuliko wote Florence, alimwagiza apambe dari ya chumba chake cha kusomea. Luca akamfanyia mabamba ya mviringo 12, moja kwa kila mwezi. Hakuchora miungu wala vita. Alichora mkulima: apanda, alima na ng'ombe, akata matawi ya mizabibu, avuna. Chumba chenyewe kilibomolewa zamani, lakini mabamba yote 12 yamehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert huko London. Ni jambo la kufikiri, kwamba tajiri yule kila alipoinua macho kutoka kitabuni alimwona mtu ashikaye jembe.

Walakini msidhani ya kuwa Luca aliacha kabisa kazi nyingine. Mwaka 1446 alipewa yeye na mafundi Michelozzo na Maso di Bartolomeo kazi ya milango ya shaba ya sakristia ya kaskazini katika kanisa kuu. Kabla yao milango hiyo alikuwa amepewa Donatello, naye hakuifanya. Maso akafa, Michelozzo akaenda zake, na mzigo ukabaki kwa Luca, aliyeumaliza mwaka 1475 akiwa mzee. Milango ina mabamba kumi, na moja lao ni la Bikira na mtoto. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili 1478, watu wa ukoo wa Pazzi na wenzao waliwashambulia ndugu wawili wa ukoo wa Medici ndani ya kanisa wakati wa misa. Giuliano aliuawa. Lorenzo alijeruhiwa shingoni, akakimbilia katika sakristia ile, na rafiki zake wakaifunga milango ya Luca nyuma yake. Hivyo ndivyo alivyopona. Luca alikuwa hai bado, naye bila shaka alizipata habari hizo kama mji wote.

Luca hakuoa. Mwaka huo huo wa 1446 yeye na ndugu yake Marco walinunua nyumba katika njia ya Via Guelfa, na hapo ndipo karakana ya ukoo ilipokaa. Miongoni mwa watoto wa Marco alikuwamo Andrea, aliyezaliwa mwaka 1435. Luca alimtia kazini tangu utotoni. Kijana akajifunza kukanda udongo, kukomba mgongo wa sanamu, kusaga kioo, kutazama rangi ya moto. Akajifunza pia ile siri ya mchanganyiko, ambayo Luca hakuwapa watu wa nje.

Mwaka 1471 mambo mawili yalitokea yanayonipendeza kuliko yote katika maisha yake. La kwanza, chama cha wachongaji kilimchagua awe mkuu wao, naye akakataa kwa sababu ya uzee na udhaifu wa mwili. La pili, aliandika wasia. Luca alikuwa na mali ya kutosha, na watoto wa nduguye walikuwa wakingoja kujua nani atapata nini. Mali iliyobaki alimwandikia Simone, ndugu yake Andrea. Mtu angefikiri kwamba Andrea, mwanafunzi wake mpenzi, alisahauliwa au alikuwa amemkosea. La hasha. Luca alieleza katika wasia ule kwamba Andrea alikwisha pata sehemu yake, kwa maana alifundishwa kazi, na kazi hiyo yamtosha kuishi kwa heshima. Kama angempa na mali pia, Simone angeonewa.

Tafakarini hesabu hiyo. Mzee aliweka mizani mbele yake, upande mmoja nyumba na fedha, upande wa pili ujuzi wa mikono, akaona ya kuwa mizani imelingana. Wala hakufanya mzaha; ulikuwa ni wasia mbele ya sheria.

Alikufa mwezi wa Februari mwaka 1482, umri wake umepita miaka 80, akazikwa katika kanisa la San Pier Maggiore. Kanisa hilo lilibomolewa baadaye, na kaburi halionekani tena.

Na hesabu ya wasia ilitoka sawa? Ilitoka. Andrea alifanya kazi mpaka alipokufa mwaka 1525, naye akawa na wana waliofuata udongo kama yeye. Mwaka 1487 aliweka mbele ya nyumba ya watoto waliotupwa, Ospedale degli Innocenti, mabamba ya mviringo yenye watoto wachanga waliofungwa vitambaa, mikono yao imekunjuliwa kama waombao kupokelewa. Mfano wa mtoto mmoja wao ulichukuliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kuwa alama yake. Giovanni, mwana wa Andrea, aliendesha karakana pale Florence na akaongeza rangi nyingi. Girolamo, mwana mwingine, alikwenda Ufaransa kumfanyia kazi mfalme François I. Hata ukoo mwingine wa Florence, Buglioni, uliipata siri ukaitumia. Kisha karne ile ya 16 ilipoendelea, kazi yenyewe ilizimika polepole. Waliokuwa wakiijua walikufa, na waliobaki hawakuona haja ya kujifunza.

Siwaambii kwamba kila mmoja wetu akitoka shuleni aende mtoni akachimbe udongo. Wako watakaokuwa makarani, wako watakaokuwa waganga na walimu, na nchi yawahitaji wote. Ninalosema ni kwamba Luca alijua kusoma na kuhesabu, na kwa hesabu hiyo hiyo ndipo alipoona thamani ya udongo. Elimu haikumwondoa katika kazi ya mikono; ilimwonyesha aifanyeje vizuri zaidi. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee ajuaye kufua chuma, kusuka mikeka, kuchonga mitumbwi au kufinyanga vyungu, likizo ijayo ketini naye mmwulize kazi yake inavyofanywa, tangu mwanzo hata mwisho, na mshike chombo mkononi. Huenda hana shamba la kuwaachia. Lakini alicho nacho ni urithi, na kama Luca alivyoona, urithi huo hauhesabiwi chini ya nyumba na fedha. Ila una sharti moja: hupokewa mwenyewe akiwa hai.